Mbao za Sakafu

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa nyumba nyingi zina sakafu ya udongo uliopigwa au ya saruji, na sababu yake yajulikana: mchwa. Mtu akilaza ubao hovyo juu ya ardhi, mwaka hauishi ataukuta umekuwa ganda tupu. Walakini mbao ngumu, zikitayarishwa vema, hufanya sakafu njema sana. Haina vumbi, haiumizi miguu kwa baridi asubuhi ya Julai, tena yaweza kudumu kuliko aliyeijenga.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilipewa chumba katika nyumba moja ya walimu. Upana wake ulikuwa mita 4, na sakafu yake ilikuwa mpya, ya mbao za mtondoro. Seremala alikuwa amezilaza mwezi wa Oktoba, wakati wa jua kali, akazibana kwa nguvu tangu ukuta huu hata ukuta ule, pasiwe na nafasi ya kupenyeza ukucha. Kila aliyeiona alimsifu. Mwezi wa Desemba mvua zikaanza. Usiku mmoja niliamshwa na mlio kama wa bunduki, na kulipokucha niliona sakafu imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, misumari imeng'oka, na mlango haufunguki ila nusu. Mbao zikaondolewa zote, na nyingi zilikuwa zimekwisha kupasuka. Fedha iliyochangwa mwaka mzima ikapotea, na chumba kikatiwa saruji.

Seremala yule hakuwa mvivu wala mdanganyifu. Alidhani tu ya kuwa mti ukisha kukatwa hausogei tena.

Mti umefanywa kwa mirija midogo sana isiyoonekana kwa macho. Katika mti mbichi maji yamo mahali pawili: ndani ya mirija, kama maji katika mtungi, na katika kuta za mirija yenyewe, kama maji katika udongo wa mtungi. Maji ya ndani hutoka kwanza, na ubao hupungua uzito bila kupungua ukubwa. Halafu kuta nazo huanza kukauka, na hapo ndipo ubao hunywea. Hewa ikiwa na unyevu, kuta huyanywa maji tena, na ubao hutanuka. Mambo haya hayaishi hata ubao ukiwa na umri wa miaka mia.

Tena ubao haunywei sawasawa kila upande. Kwa urefu wake hubadilika kidogo mno. Kwa upana hubadilika zaidi. Na kwa kuzifuata duara za mti hunywea yapata mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda kwenye ganda. Tazama gogo lililoachwa juani: hupasuka kama miale ya nyota, kwa kuwa duara zake zataka kufupika nazo hazina nafasi. Sasa fanya hesabu ya chumba kile. Mbao zilikuwa na upana wa sentimita 10, basi zilikuwa 40. Kila ubao ukitanuka milimita 1 tu, zote pamoja zataka sentimita 4 zaidi. Ukuta haukubali kusogea, basi mbao zitakwenda wapi ila juu?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua mti. Mpingo, ambao nchi yetu yasifiwa kwa ajili yake, haufai kwa kazi hii: ni mwembamba na umepinda, na uzito wake huuzamisha majini, huo waachie wachongaji na wafanyao zumari za Ulaya. Mkongo ni mzuri, ni mzito na haubadiliki sana. Mimi napenda mninga. Utautambua kwa tunda lake la mviringo, lenye ubawa pande zote na miiba katikati, na kwa utomvu mwekundu kama damu utokao ukitiwa panga. Mbao zake hutulia kuliko mbao nyingine nyingi, na mchwa hawaupendi moyo wake. Moyo, nasema, maana sehemu nyeupe ya nje huliwa upesi na wadudu watoboao, nayo sharti iondolewe yote, hata kama fundi anasikitika kuitupa. Vumbi lake huwasha pua na kifua, basi apigaye randa na ajifunge kitambaa.

Mninga haukatwi bila kibali cha watu wa misitu, na haifai kulalamika. Miti mingi ya Nachingwea iling'olewa kwa matrekta katika ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza Tanganyika mwaka wa 1947 na kuachwa mwaka wa 1951. Karanga zilikuwa chache, na mninga wa kupasuliwa mbao huchukua miaka themanini au mia kukua.

Mbao zikisha kupasuliwa zipakwe rangi au nta kwenye ncha, kwa sababu maji hukimbilia kutoka huko, na ncha hupasuka kabla ya katikati kukauka. Kisha zipangwe kivulini, juu ya magogo au matofali, mbali na ardhi. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vilivyokauka, vyenye unene mmoja, kila kijiti juu ya mwenzake wa chini. Vijiti visipolingana, mbao hujipinda. Weka vitu vizito juu, na uache upepo upite. Desturi ya wazee wa kazi ni kungoja mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Utajuaje kama zimekauka? Pima kwa mizani. Kata kipande katikati ya ubao, ukipime. Kisha ukiweke katika tanuri ya moto mdogo, ukipime tena na tena mpaka kisipungue. Tuseme kilikuwa gramu 1,150, sasa ni gramu 1,000. Maji yalikuwa gramu 150, yaani 15 kwa mia ya uzito wa mti mkavu. Bado kidogo, kwa sakafu ya nyumbani yafaa yawe kama 12.

Hata hapo usizilaze. Ziingize katika chumba chenyewe, bati na madirisha yakiwa tayari na kuta zimekauka, uzipange kwa vijiti tena kwa majuma mawili au matatu, zipate kuizoea hewa ya humo. Saruji ya chini nayo ichunguzwe: bandika kipande cha nailoni juu yake, kingo zote zifungwe, ukifunue baada ya siku nzima. Ukiona matone, ngoja. Kwa maoni yangu mwezi ufaao huku kwetu ni Juni, maana mvua zimekwisha na jua la Oktoba halijafika, na ubao uko katikati ya kutanuka na kunywea.

Kulaza kwenyewe si kazi ndefu. Ulimi wa ubao mmoja huingia katika mfereji wa mwenzake, na msumari hupigwa kwa mshazari juu ya ulimi, baada ya kutoboa kwanza kwa keekee, la sivyo mbao ngumu hupasuka au msumari hupinda. Kando ya kuta zote acha nafasi ya sentimita 1 na nusu hivi. Sakafu isuguliwe kwa msasa, ipakwe mafuta ya kitani. Kisha nafasi ile ifunikwe kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni, ili mbao zipate kwenda na kurudi chini yake mvua zijapo na zikomapo.