Mshtakiwa huletwa kwa lori, mwathiriwa hujilipia matatu

Tuseme usiku wa leo binti wa jirani yako amevamiwa akitoka kazini, akanajisiwa. Wengi watamkimbiza kituo cha polisi. Lakini saa zinahesabika: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Apelekwe hospitali kwanza, bila kuoga. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu ukaharibu ushahidi.

Matibabu hayo na ushauri nasaha si mzigo wake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Bi Njoki Ndung'u, inaitwika serikali gharama hiyo katika hospitali za umma.

Taabu huanza akishatoka hospitalini. Kuna fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, nauli ya kwenda kortini, na vibarua anavyopoteza kila kesi inapoahirishwa. Mshtakiwa aliye rumande huletwa kwa lori la magereza, amelishwa na serikali. Aliyetendewa uovu hujilipia matatu! Mara ya nne au ya tano hukata tamaa akabaki nyumbani, na kesi ikafa kwa kukosa shahidi.

Si kwamba sheria haipo. Katiba ya 2010 ililiagiza bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, nalo likaitunga mwaka wa 2014. Sheria hiyo iliunda bodi na hazina maalum ya waathiriwa. Lakini hazina hutegemea fungu linalotengwa na bunge, na mfuko mtupu haumlipii mtu nauli.

Huduma nyingi za aina hii zimeegemea wafadhili. Mwaka wa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi egemeo hilo linavyoweza kuporomoka ghafla.

Hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kaunti hulazimika kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Katika mikutano hiyo watu huulizia barabara na maji, nao wana haki. Safari ijayo simama, mama au baba, uulize pia: katika hospitali yetu, ni shilingi ngapi zimetengewa waliobakwa na waliopigwa, na usiku wa Jumamosi ni nani huwa zamu?