Vipande vya Programu Vitumikavyo Tena na Tena

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aambiwapo atafute sini ya pembe ya nyuzi 37, hachori pembetatu na kuipima. Hufungua kitabu cha majedwali na kusoma 0.6018. Kazi ya kukokotoa namba hiyo ilikwisha fanywa na mtu mwingine kwa ajili ya wote. Jedwali lenyewe huonyesha mipaka yake: lina tarakimu nne tu baada ya nukta, na pembe zake hazizidi nyuzi 90. Atakaye sini ya nyuzi 130 hana budi kujua la kufanya kabla ya kulifungua.

Waandishi wa programu za kompyuta walilifikia wazo hilo mapema sana. Kompyuta iitwayo EDSAC ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwezi wa Mei 1949. Maurice Wilkes na wenzake, David Wheeler na Stanley Gill, waliona kwamba karibu kila programu ilihitaji mambo yaleyale: kutafuta kipeuo cha pili, kutafuta sini, kuchapa majibu. Badala ya kila mtu kuyaandika upya, na kukosea upya, vipande hivyo viliandikwa na kujaribiwa mara moja, vikatobolewa katika tepe za karatasi na kuhifadhiwa kabatini. Aliyehitaji kipande alinakili matundu yake katika utepe wa programu yake. Kufikia mwaka 1951 kabati hilo lilikuwa na vipande 87.

Lilikuwapo tatizo moja. Kipande kilekile huweza kuitwa kutoka mahali pengi ndani ya programu moja. Je, kimalizapo kazi yake kirudi wapi? Wheeler alilitatua hivi: programu kuu, kabla ya kuhamia kwenye kipande, huacha namba ya mahali ilipofikia. Amri za kwanza za kipande huichukua namba hiyo, huunda kwayo amri ya kurudi, na kuiweka mwishoni mwa kipande. Ni kama mjumbe aliyekabidhiwa bahasha ya jibu ikiwa imekwisha andikwa anwani. Hata hivyo, Wheeler mwenyewe alieleza mwaka 1952 kwamba kuandika kipande na kukijaribu si mwisho wa kazi. Hubaki kuandika maelezo yatakayomwezesha mtu asiyejua yaliyomo ndani akitumie bila taabu, na huenda hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani ya Magharibi, Douglas McIlroy wa Bell Laboratories alipendekeza kuwe na viwanda vya vipande vya programu, kama vilivyopo viwanda vya skrubu na nati. Mfano wake ulikuwa ni sini ileile. Alihesabu kwamba, kwa kuzingatia usahihi unaotakiwa, namna namba inavyoandikwa, ukubwa wa pembe, na ulinzi dhidi ya makosa, zingehitajika aina 300 za kipande hicho kimoja. Wingi huo unaweza kumchekesha msomaji, lakini una maana: kila kipande hubeba ndani yake dhana fulani kuhusu kazi kitakayopewa.

Gharama ya kuzisahau dhana hizo ilionekana tarehe 4 Juni 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliporushwa kwa mara ya kwanza kutoka Guiana ya Ufaransa. Programu ya mtambo wake wa kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema. Ndani yake kulikuwa na sehemu iliyogeuza namba ya desimali ya biti 64, iliyohusiana na mwendo wa kwenda upande, kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Katika Ariane 4 namba hiyo haikuweza kufika huko, kwa hiyo haikuwekewa kinga, ili kompyuta isilemewe na kazi. Lakini mwendo wa upande wa Ariane 5 uliongezeka upesi mara tano hivi zaidi. Namba ilifurika, mtambo ukasimama. Mtambo wa akiba ulikuwa na programu ileile, nao ulikuwa umekwisha simama kwa sababu ileile. Roketi ilipinda ghafla na kuvunjika, zikiwa zimepita sekunde 40 hivi tu, pamoja na satelaiti nne za Cluster zilizokusudiwa kuchunguza usumaku unaoizunguka dunia.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu iliyofurika haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilihitajika katika roketi za awali, ikaachwa iendelee. Tume ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, iligundua pia kwamba programu hiyo haikujaribiwa kwa njia ambayo Ariane 5 ingeipita angani. Satelaiti nyingine nne ziliundwa badala ya zile, zikapelekwa angani mwaka 2000 kwa roketi za Soyuz.