Fahamu: Kwa nini laptop ya mtumba hukosa intaneti baada ya kuwekewa Linux

Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptop kuukuu kama zile za mtumba zinazouzwa Kariakoo walibaki njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, lakini mfumo wa Linux hauna sharti hilo.

Kikwazo baada ya kuhamia Linux huwa Wi-Fi. Baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji draiva isiyokuja na mfumo, na kuipakua kunahitaji intaneti ileile iliyokosekana! Simu inatosha: iunganishe kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti, kisha fungua sehemu ya draiva za ziada, kama unatumia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux.

Mtandao ukishika lakini kurasa hazifunguki, andika `ping 8.8.8.8` kwenye terminal. Majibu yakirudi, chunguza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Tazama na tarehe: betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa na kivinjari hukataa vyeti vya usalama.

Wakati mwingine kompyuta haina kosa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini Tanzania. Kabla ya kugusa mipangilio, muulize jirani kama yake inafanya kazi.