Adili na Nduguze katika Madarasa ya Mara

Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, inamhusu kijana aliyewagawia kaka zake mali yake baada ya wao kupoteza urithi wao. Malipo yake yalikuwa kutupwa baharini. Jini Huria alimwokoa, akawageuza kaka hao, Hasidi na Mwivu, kuwa manyani, kisha akamwamuru Adili awachape kila usiku.

Watoto wengi wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, huanza na Kijita, Kizanaki, Kiikizu au Kikurya, na sentensi za Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, huwalemea wakiachwa wasome kimya. Hilo halimfungii mtoto mlango. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, baadaye alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Kwa hiyo kitabu cha Adili kisomwe kwa sauti, mwalimu akitangulia. Njia hiyo inafaa pia darasa lenye nakala chache.

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale mjumbe wa Mfalme Rai anapomwona Adili, liwali anayesifiwa kwa haki, akiwachapa manyani wawili usiku huku moyo ukimuuma. Mwalimu afunge kitabu hapo na kuuliza: mbona anayechapa ndiye anayeumia? Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yaliyopotoka, kabla ya kufunua ukurasa.

Baadaye unakuja mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kwa sehemu hii, Mara ina vifaa kuliko darasa lolote: majabali yaliyobebana yapo ufukweni Musoma na pale Mwitongo, Butiama. Watoto watoke nje, kila mmoja achague jiwe moja na kuandika lilikuwa nani, na lilikuwa likifanya nini lilipoganda. Wakifika pale Adili anapotupwa baharini, watoto wa wavuvi wa Bunda, wanaoujua upepo wa ziwani, waulizwe mtu aliyetupwa majini hushika nini kwanza.

Ustahimilivu wa Adili unaonekana zaidi baada ya kuokoka: hachoki kuwahurumia waliotaka afe, mpaka wanasamehewa na kurudi kuwa watu. Wapo wanafunzi watakaosema hawakustahili. Waachwe wabishane, hoja yao ni nzito.

Fani na maudhui, ambayo mtihani huyadai, yafuate mwisho. Yakitangulia, darasa hukariri kwamba Adili ni mwema bila kujua wema huo ulimgharimu nini.