Kauli ya Mtoto Katika Kesi za Malezi Doha

Sheria ya Familia ya Qatar, Namba 22 ya mwaka 2006, inaitambua hadhana, yaani malezi ya mtoto, kuwa haki ya wawili, mlezi na mtoto, na haki ya mtoto ndiyo yenye nguvu zaidi. Wazazi wakiachana, kwa kawaida mtoto hukaa na mama hadi wa kiume atimize miaka 13 na wa kike 15. Mahakama inaweza kurefusha muda huo kwa maslahi ya mtoto, au kumwachia achague mwenyewe.

Hiari hiyo ina mizizi mirefu katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Hadithi iliyopokewa kwa Abu Hurayra inamtaja mvulana ambaye Mtume alimwachia achague kati ya baba na mama, naye akamshika mama mkono. Wanazuoni wa madhehebu mbalimbali waliifasiri kwa namna tofauti. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, mtoto akifikia kupambanua mambo, yapata miaka saba, huchagua, awe wa kiume au wa kike. Mahanbali, ambao mahakama za Qatar hurejea rai yao palipokosekana kifungu, humpa hiari mvulana tu. Mahanafi hawaitoi kabisa.

Kusikilizwa, hata hivyo, ni kupana kuliko kuchagua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Qatar iliuridhia mwaka 1995, unataka mtoto anayeweza kuwa na maoni yake apate nafasi ya kuyasema katika shauri linalomhusu, mwenyewe au kupitia mwakilishi, nayo yapimwe kwa umri na ukomavu wake. Kumsimamisha mtoto mbele ya wazazi wake atamke amtakaye ni ukatili: akimtaja mmoja, atajiona amemsaliti mwingine. Afadhali jaji azungumze naye faragha, amuulize kuhusu shule, ndugu zake, usingizi wake na anachokiogopa.

Kazi ya mwakilishi ni ngumu zaidi, kwani anayotaka mtoto na yanayomfaa huenda yasilingane. Mwakilishi mwaminifu hufikisha yote mawili bila kuyachanganya. Tena kuna watoto waliofundishwa la kusema. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inazingatia maoni yaliyotolewa kwa uhuru, na mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya nyumbani. Mjini Doha, Kituo cha Wifaq, kilichoanzishwa mwaka 2002, hutoa ushauri kwa familia na kusimamia watoto wanapokutana na mzazi wasiyeishi naye.