Je, Wajua? Ufahamu wa Kiingereza Unaowakosesha Usingizi Vijana wa China

Kila tarehe 8 Juni, saa tisa kasorobo alasiri kwa saa za China, milango ya vyumba vya mtihani hufungwa. Katika masomo mengine mtahiniwa aliyechelewa huvumiliwa kwa dakika 15. Katika Kiingereza havumiliwi hata kidogo, kwa sababu katika mikoa mingi mtihani huanza na kusikiliza, na sauti ikishaanza kutoka kwenye spika haitasimamishwa kwa ajili ya aliyekwama njiani. Nje ya shule madereva huombwa wasipige honi, na kazi za ujenzi za jirani husimama. Ndani wamekaa vijana 30 kwa kila chumba, kila mmoja na meza yake na penseli ya 2B ya kusilibia majibu yatakayosomwa na mashine.

Mtihani huo ni gaokao, mlango wa kuingilia chuo kikuu. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Jumla ya alama ni 750, na Kiingereza kina 150, sawa kabisa na Kichina na sawa na hisabati. Na ndani ya hizo 150, fungu kubwa kuliko yote ni la ufahamu wa kusoma: alama 50.

Kila swali la ufahamu lina alama mbili na nusu. Huenda zikaonekana chache, lakini katika mikoa yenye watu wengi alama moja tu yaweza kuwatenganisha watahiniwa zaidi ya elfu moja, na kuna shule zilizobandika mabango ukutani ya kuwakumbusha wanafunzi hesabu hiyo. Kijana akikosea swali moja kuhusu kasa wa baharini au historia ya baiskeli, maelfu wamempita.

Je, wajua vifungu vyenyewe vikoje?

Vipo vinne, na vimepewa herufi: A, B, C na D. Katika karatasi ya kitaifa inayotumiwa na mikoa mingi, kifungu A huwa chepesi: tangazo la makumbusho, ratiba ya kambi ya likizo, bei za tiketi. Kina maswali matatu, na kinachotakiwa ni jicho la kutafuta habari. Kuanzia B mlima unaanza. B mara nyingi ni kisa cha mtu, C na D hupanda hadi sayansi na hoja, na kila kimoja kina maswali manne. Jumla ni 15, yote ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Watunzi hupenda kuchukua makala kutoka magazeti, majarida na vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza wenyewe, kisha huyafupisha na kuyalainisha. Ndiyo maana wanafunzi wenye bidii husoma majarida ya nje mwaka mzima wakitumaini kukutana na kifungu cha Juni kabla ya Juni.

Neno ambalo halimo katika muhtasari wa masomo huwekewa maana yake kwa Kichina kwenye mabano. Lakini mara nyingi lipo moja lisilowekewa. Limepigwa mstari, nalo ndilo swali: ukiangalia yaliyolizunguka, unadhani lina maana gani? Kwangu mimi hilo ndilo swali la haki kuliko yote, maana ndivyo kila mmoja wetu alivyojifunza maneno mengi ya lugha yake, bila kamusi na bila mwalimu.

Baada ya hapo hufuata kifungu kilichong'olewa sentensi tano. Chini yake zimepangwa sentensi saba, na mbili kati ya hizo ni za kupotosha. Zirudishe tano mahali pake. Sentensi ikianza kwa "hata hivyo", lazima ujiulize ni jambo gani limekanushwa hapo nyuma. Ikianza kwa "wao", wao ni akina nani? Na ukiliweka jibu moja mahali pa jingine, mara nyingi umekosa mawili kwa pigo moja. Hapa hakuna aliyewahi kuokolewa na kukariri msamiati. Anayeshinda ni yule anayeona jinsi wazo linavyoshikana na wazo.

Je, wajua kwamba kuna wakati Kiingereza kilifanywa bila kuhesabiwa?

Gaokao ilianza mwaka 1952, ikasimamishwa mwaka 1966 yalipoanza Mapinduzi ya Utamaduni, ikarudishwa Desemba 1977. Msimu huo walijitokeza watu wapatao milioni 5.7, wengi wao vijana waliokuwa wamepelekwa mashambani kwa miaka mingi, na karatasi za mtihani zilichapishwa kwa shehena ya karatasi iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya juzuu ya tano ya maandiko ya Mao. Vijana wale wangejibu vipi maswali ya lugha ya kigeni ambayo hawakufundishwa? Serikali ikaamua kwenda polepole. Mwaka 1978 lugha ya kigeni ilitahiniwa, lakini alama hazikuingizwa kwenye jumla. Mwaka 1979 ikaanza kuhesabiwa kwa asilimia 10, mwaka 1980 asilimia 30, kisha 50, kisha 70, hadi mwaka 1983 ikahesabiwa yote. Mwanzo wa ngoma ni lele: somo lililoanza kama la majaribio likahesabiwa kikamilifu ndani ya miaka mitano.

Mwaka 1985, mkoani Guangdong, ukaja mtihani wa aina mpya, wa maswali ya kuchagua yanayosahihishwa na mashine. Nyuma yake walikuwa wataalamu wa Guangzhou, hasa Gui Shichun na Li Xiaoju. Nia yao haikuwa kurahisisha kazi ya usahihishaji tu. Walikuta madarasa ambamo mwalimu huchambua sentensi mojamoja kwa Kichina na mwanafunzi hukariri kanuni, na waliamini kwamba mtihani unaodai kusoma kwa kweli ungezilazimisha shule kufundisha kusoma. Mwaka 1990 Li Xiaoju alichapisha makala iliyouliza mtihani wa lugha unaweza kuwa na nguvu kiasi gani, akaeleza kuwa wanafunzi wameanza kusoma zaidi nje ya darasa.

Miaka 15 baadaye mtafiti mwingine, Qi Luxia, aliwahoji watunzi, walimu na wanafunzi, akakuta picha isiyofurahisha. Watunzi walitaka lugha itumike. Walimu na wanafunzi walitaka alama, na njia fupi ya alama ilikuwa mazoezi ya mtihani, mengine juu ya mengine.

Je, wajua kwamba kuna kanuni za kubahatisha?

Wanafunzi wa China wanazo kwa mizani kabisa, wanarithishana kizazi hadi kizazi. Majibu matatu yakiwa mafupi na moja refu, chagua refu. Matatu yakiwa marefu na moja fupi, chagua fupi. Urefu ukitofautiana ovyo, kuna herufi maalumu ya kukimbilia. Watunzi wanazijua pia kanuni hizo, na hupanga majibu kwa namna ya kuzivunja.

Mbinu zinazofundishwa rasmi ni za maana zaidi. Soma maswali kabla ya kifungu. Sentensi ya kwanza ya kila aya isome mara mbili. Jibu lenye "daima" au "kamwe" lishuku. Zinasaidia, sikatai. Lakini kijana aliyefanya hivyo kwa miaka mitatu ya sekondari ya juu amezoea kuingia katika maandishi akiwa ameshajua anachokitafuta, na kutoka mara tu anapokipata. Inaniuma kuona kusoma kukiwa hivyo, hasa kwa mtoto ambaye vitabu vyake vyote vya Kiingereza ni vya mtihani.

Swali la ufahamu lenyewe huweza kumshinda hata aliyeandika kifungu. Hili lilitokea mwaka 2017 mkoani Zhejiang, katika karatasi ya Kichina. Kilitumika kisa cha mwandishi Gong Gaofeng kuhusu familia maskini inayoonja supu ya samaki kwa mara ya kwanza. Kisa kinamalizikia kwa jicho la samaki lenye mwanga wa ajabu, na watahiniwa wakaulizwa kuhusu mwisho huo. Vijana wakamfuata mwandishi mtandaoni wakitaka jibu. Akawaambia wazi kwamba hata yeye hana.

Je, wajua kwamba siku hizi ufahamu unapimwa kwa kumalizia hadithi?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika karatasi ya sasa. Wang Chuming, profesa wa Chuo Kikuu cha Guangdong cha Masomo ya Kigeni, alikuwa akitetea kwa miaka mingi kwamba mtu hujifunza lugha vizuri anapolazimika kuendeleza maandishi ya mwingine. Huwezi kuendeleza usichokielewa, na kwa kuendeleza unaazima lugha ya aliyekutangulia. Oktoba 2016 Zhejiang ikawa ya kwanza kuliingiza zoezi hilo katika gaokao. Baadaye likaingia katika karatasi mpya ya kitaifa, na lina alama 25.

Chukua la mwaka 2024. Msimulizi anakwenda Prague kwenye mkutano kupitia Vienna. Dhoruba imechelewesha ndege yake, na anatua ikiwa imebaki nusu saa basi la mwisho liondoke. Anarukia teksi ya mtu anayeitwa Gunter, ambaye hakijui hata kituo chenyewe cha basi. Gunter anampigia simu rafiki yake, wanabishana weee, gari linaondoka, wanafika zikiwa zimebaki dakika mbili. Gunter anageuka na tabasamu kubwa. Hapo msimulizi anagundua hana hata senti mfukoni. Mashine ya teksi inakataa kadi yake ya benki ya Ureno. Foleni ya basi inapungua. Anakimbilia mashine ya kutolea fedha mlangoni mwa kituo, na kioo kinamwomba radhi: ni mbovu.

Hadithi inakatwa hapo. Mtahiniwa anapewa mwanzo wa aya mbili tu. Ya kwanza inaanza msimulizi akirudi mbio kumpa Gunter habari hiyo mbaya. Ya pili inaanza siku nne baadaye, amerudi Vienna na anampigia Gunter simu kama alivyoahidi. Maneno yapatayo 150, kazi kwako.

Angalia kilichopimwa. Yale maneno "kama alivyoahidi" yanamfungulia msomaji makini njia nzima: basi katika aya ya kwanza lazima ahadi itolewe, na Gunter lazima amwamini mgeni asiye na fedha. Asiyesoma vizuri atamwingiza polisi, au tajiri wa kuwalipia wote, na hadithi itavunjika mkononi mwake. Hakuna herufi ya kubahatisha hapa. Na kijana wa miaka 18 anayeamua jinsi dereva yule atakavyomjibu abiria wake anafanya kazi halisi ya msomaji, hata kama Kiingereza chake kina makosa.

Shule nazo zilipata dawa mapema. Wanafunzi hukariri orodha za sentensi zilizo tayari: ya hofu, moyo unadunda kifuani, ya furaha, machozi yanatiririka, ya kufungia, mwanga wa jua unaangukia uso. Sentensi hizo hubandikwa kwenye kisa chochote kitakachokuja. Msahihishaji anayesoma karatasi nyingi kwa siku huzitambua upesi.

Je, wajua kwamba hata mwandiko una jina?

Ni mtindo wa Hengshui, shule maarufu ya mkoa wa Hebei. Herufi za Kiingereza husimama wima, za mviringo, zimeachana kwa nafasi sawa kiasi kwamba ukitazama kwa mbali utadhani zimechapwa. Sababu ni ya kiutendaji. Karatasi hupigwa picha, na wasahihishaji huzisoma kwenye kompyuta, wawili kila mmoja peke yake, na wa tatu huitwa alama zao zikipishana sana. Mwandiko unaosomeka haraka unamfaa mwenyewe. Wapo wanafunzi wanaotenga muda kila siku kuufanyia mazoezi.

Si lazima lugha iwe Kiingereza. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua kati ya Kiingereza, Kirusi, Kijapani, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na miaka ya karibuni wengi waliolemewa na Kiingereza wamehamia Kijapani. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, kinafundishwa Beijing katika vyuo vikuu tangu miaka ya 1960, na wengi wa Wachina wanaozungumza nasi kwa Kiswahili fasaha leo walipita kwanza kwenye vifungu A, B, C na D.

Je, wajua kwamba ufahamu uliwahi kumng'oa mkubwa wa elimu?

Zhejiang wana fursa ya kufanya Kiingereza mara mbili, na alama iliyo juu ndiyo inayochukuliwa. Novemba 2018 matokeo yalipotoka, wanafunzi na wazazi walishtuka: alama hazikulingana na majibu waliyoyakumbuka. Mamlaka zikaeleza kuwa karatasi ya mara hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya mwaka uliotangulia, hivyo baadhi ya maswali, yakiwemo ya ufahamu, yaliongezewa uzito ili matokeo yalingane. Maelezo hayo yakaongeza hasira. Waliosoma karatasi moja kwa uwezo tofauti walijikuta wamepandishwa na kushushwa kwa kanuni ambayo hakuna aliyeambiwa kabla.

Mkoa ukaunda tume ya uchunguzi. Tarehe 5 Desemba ikatangazwa kuwa uamuzi ule ulikuwa wa makosa, alama za awali zikarudishwa, na mkuu wa idara ya elimu ya mkoa akaondolewa madarakani.