Chakula Kilichotupwa: Hukumu ya Mwenye Kukiokota na Jukumu la Mwenye Kukitupa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Muislamu, kila alfajiri magari ya watalii hutoka Karatu, hupanda mpaka lango la Lodoare, kisha huteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kila mgeni hupewa kisanduku cha chakula, ambacho wenyewe hukiita lanchi boksi: kipande cha kuku, mkate, yai, ndizi, maji ya matunda. Jioni magari yanaporudi, vingi kati ya visanduku hivyo huwa vimeguswa kidogo tu, na vingine havikufunguliwa. Vingine dereva huvipeleka nyumbani, vingine hupewa watoto wa njiani, na vilivyobaki huishia kwenye pipa na hatimaye jalalani pamoja na makombo ya hoteli. Huko wapo watu wanaovisubiri.

Hapa huzuka maswali ambayo maimamu wetu hawana budi kuyajibu kwa elimu, si kwa kukunja uso. Je, chakula hicho ni halali? Je, anayekiokota amekula najisi au mali ya mtu? Na je, anastahiki kudharauliwa katika safu za swala?

KOSA LINAANZIA WAPI

Kabla ya kumhukumu mwokotaji, tuanze na mtupaji. Katika Suratul Aaraf aya ya 31, Allah ameruhusu kula na kunywa na akakataza israfu. Katika Suratul Israa aya ya 26 na 27, wenye kufuja wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Naye Jaabir (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, wala lisiachiwe shetani. Basi kuokota chakula kilichoanguka si aibu katika dini yetu. Asili yake ni Sunna. Kinachochukiza ni kukitupa.

Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ulikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa duniani tani bilioni 1.05 za chakula. Nasi tusiseme kuwa hayo ni ya watalii pekee. Tazama masinia ya walima zetu na futari zetu za Ramadhani, wali ukimwagwa pamoja na nyama yake, na jirani hakuitwa.

MALI HIYO NI YA NANI

Sharti la kwanza la kuhalalika kwa kilichookotwa ni kuwa mwenyewe amekiacha kwa ridhaa yake. Imam Nawawi, katika Rawdhatut-Talibin, amezungumzia kuokota masuke yanayobaki shambani wakati wa mavuno. Yafaa ikiwa mwenye shamba ametoa idhini, au ikiwa ni kiasi ambacho kuokotwa kwake hakumsumbui. Lakini ikiwa mwenyewe huyaokota, au jambo hilo linamuudhi, si halali. Mas'ala haya yanawahusu moja kwa moja watu wa Karatu, wilaya ya ngano, mahindi na mbaazi, ambako mashamba yakishavunwa huwa hayakosi masalia.

Kwa kipimo hicho hicho tupime visanduku. Mgeni akimwambia dereva achukue, hiyo ni zawadi, na zawadi ya asiyekuwa Muislamu inafaa kupokewa, Mtume (s.a.w.) alizipokea. Kilichokwisha kutupwa jalalani kimeachwa kwa ada inayojulikana na kila mtu. Lakini chakula kilichosahauliwa ndani ya gari hakikutupwa. Hicho ni luqata, kitu kilichopotea, na mwenyewe akiwa anajulikana arudishiwe. Asipojulikana, na chakula chenyewe kikiwa ni cha kuharibika upesi, wanazuoni wa Kishafi wamempa mwokotaji hiari: akile na thamani yake iwe deni juu yake, au akiuze na aihifadhi bei. Kitu kidogo kabisa, kama tende moja, hakihitaji kutangazwa. Mtume (s.a.w.) alipoiona tende njiani alieleza kuwa lau si kuchelea isiwe ya sadaka angeila, kama alivyopokea Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim.

Na mfanyakazi wa jikoni atahadhari. Chakula kilichobaki ndani ya hoteli bado ni mali ya hoteli mpaka wenyewe wakiachilie. Kukibeba kwa siri ni khiyana, hata kama anaamini kesho kitatupwa. Aombe ruhusa.

UTOHARA WA KILICHOMO

Matunda, mayai, mkate na wali asili yake ni halali. Tatizo ni nyama. Katika Al-Majmuu, Imam Nawawi ametofautisha baina ya kipande cha nyama kilichookotwa kikiwa wazi, ambacho huachwa, na kile kilichofungwa katika kitambaa au kilichomo chomboni. Hiki cha pili hutazamwa hali ya wachinjaji wa mji. Ikiwa wengi wao ni wale ambao kichinjo chao ni halali, nyama ni tohara. Na ikiwa mambo yamechanganyika bila ya wao kuwa wengi, iepukwe. Tazama jinsi maneno hayo yanavyokifaa kisanduku kilichofungwa! Basi anayejua hoteli fulani hununua nyama iliyochinjwa na Waislamu ana msingi wa kutegemea. Asiyejua lolote, na nyama imetapakaa juu ya jalala, aiache.

Soseji ya nguruwe ikiwa imegusana na mkate kwa unyevunyevu, mkate huo hauliwi. Ndizi na chungwa katika maganda yao huoshwa, humenywa na huliwa.

MABAKI YA SIMBA NA FISI

Katika nchi ya Ngorongoro kuna aina nyingine ya masalia, nayo ni nyama iliyoachwa na wanyama wakali. Kandokando ya Ziwa Eyasi, watafiti walioishi na Wahadzabe katika miaka ya 1980 waliandika jinsi wawindaji hao wanavyowafukuza simba na kuchukua mawindo yao. Je, Muislamu anaweza kula nyama hiyo kwa hoja ya kuzuia ufujaji?

Jibu ni hapana. Suratul Maida aya ya 3 imeharamisha kilicholiwa na mnyama mkali, ila kile mlichowahi kukichinja. Mafuqahaa wa Kishafi wameeleza kuwa kichinjo hufaa ikiwa mnyama angali na uhai uliotulia, si mtikisiko wa kukata roho. Hili ni faraja kwa mfugaji ambaye mbuzi wake amejeruhiwa na fisi. Imepokewa katika Bukhari kuwa kijakazi wa Kaab bin Malik (r.a.), akichunga kondoo katika mlima wa Sal-u, alimwona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja kwalo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, aliamrisha aliwe.

Na mnyama akishakufa, bado sheria haikufunga kila mlango. Kondoo wa sadaka aliyepewa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (r.a.) alikufa, Mtume (s.a.w.) akapita na kuuliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake na kuitia dabagha. Waliposema ni mzoga, alibainisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Uokoaji basi una mipaka yake: ngozi imehifadhiwa, na nyama imeachwa. Lakini hukumu hii ni ya mifugo. Kuchukua nyama au ngozi ya wanyamapori bila kibali ni kosa la nyara za Serikali, na Muislamu hajiingizi katika maangamizi.

MADHARA YA MWILI

Sharti jingine ni usalama. Allah amekataza katika Suratul Baqara aya ya 195 kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Kuku aliyepikwa usiku, akashinda ndani ya gari kwenye joto, huzalisha vijidudu vinavyoua hata kama hajanuka. Nafaka yenye ukungu ni hatari zaidi, kwani sumukuvu haimalizwi na moto wa kupikia. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki ya Kenya kwa mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walifariki watu wapatao 20. Mahindi yaliyotupwa kwa sababu ya ukungu yaachwe huko huko yalikotupwa, wala asipewe maskini kwa jina la sadaka.

Vivyo hivyo kuku na mbuzi wanaoshinda jalalani wakila najisi huitwa jallala, nao wamekatazwa katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.). Nyama yao ikibadilika, Imam Rafii aliiona ni haramu, naye Nawawi katika Minhaj akasahihisha kuwa ni makruhu. Hufungiwa na kulishwa chakula safi mpaka wasafike. Imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu.

HADHI YA MWOKOTAJI

Watu wa kwetu humdharau fisi kwa kumwita mla mizoga. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia usiku ndani ya kreta ya Ngorongoro katika miaka ya 1960, aligundua kuwa mara nyingi fisi ndiye aliyeua, na simba ndiye aliyekuja kumnyang'anya. Macho hudanganya. Basi tusiharakishe kumhukumu mtu kwa mahali tulipomwona ameinama.

Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959. Kilimo ndani yake kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Mfugaji hununua unga, na ukame ukija ng'ombe hushuka bei pale pale mahindi yanapopanda. Njaa hukaa hatua chache tu kutoka meza zilizojaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Anayeokota chupa na vyuma chakavu akauza, akalisha wanawe, yumo katika maana ya hadithi ya Zubeir (r.a.) katika Bukhari: kubeba kuni mgongoni ni bora kuliko kuomba watu. Kazi yake ni halali. Aoshe mwili na nguo, asimame safu ya mbele. Lakini mwenye kutafuta tonge lake jalalani, huyo ni hoja juu yetu. Katika mwaka wa njaa, mwaka 18 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alijizuilia samli mpaka watu wapate nafuu. Hakuwauliza wenye njaa kwa nini wanakula wanachokula; alijiuliza yeye amekula nini.

Kwa hiyo, maimamu wetu wa Karatu, msiishie kutoa fat-wa ya halali na haramu. Kamati ya msikiti iende kwa wenye hoteli, iombe chakula kizima kabla hakijafika kwenye pipa, kingali na joto na kinajulikana kilivyochinjwa. Wapewe watu kwanza, kisha mifugo, kisha kiwe mbolea ya shamba. Tukifanya hivyo, swali la jalalani litapungua wenyewe kuliuliza. Tusipofanya, tutaulizwa sisi.

Wallahu aalam.